Daktari Anapouliza Yaliyopita
Somo la afya kwa wakazi wa Borabu na kaunti nzima ya Nyamira

Mama wa miaka 52 anafika katika kituo cha afya karibu na Nyansiongo Jumatatu asubuhi. Ni mara yake ya nne kuja katika miezi mitatu. Mara ya kwanza alilalamika kuumwa na kichwa, akapewa dawa ya maumivu. Mara ya pili ilikuwa tumbo, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Mara ya tatu alipimwa malaria na taifodi, akaambiwa hana. Leo anasema moyo unamwenda mbio usiku na usingizi hauji. Presha yake imepanda kidogo. Kitabu chake cha kliniki kimejaa maandishi, lakini hakuna ukurasa unaosema kwamba mwaka wa 2008 nyumba yake ilichomwa huku yeye akiitazama akiwa amejificha kwenye majani chai.

Hakuna ukurasa unaosema hivyo kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Naye hakudhani kwamba hilo ni jambo la kumwambia daktari.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Si kisa cha mgonjwa yeyote halisi. Hata hivyo, mambo yaliyomo yanawahusu wakazi wengi wa Borabu. Somo hili linaeleza jinsi yaliyopita yanavyoweza kuugua ndani ya mwili wa leo, jinsi mhudumu wa afya anavyopaswa kuuliza, na haki za mgonjwa anapoulizwa.

KIWEWE NI NINI

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kupitia au kushuhudia jambo la kutisha ambalo hakuweza kulizuia. Linaweza kuwa kuchomewa nyumba, kubakwa, kupigwa na mume au mke, ajali ya barabarani, kukeketwa utotoni, kufiwa ghafla, au kupoteza mtoto wakati wa kujifungua.

Si kila anayepitia mambo hayo huugua. Watu wengi hupata nafuu ndani ya wiki au miezi kadhaa, hasa wakiwa na jamaa na majirani wa kuwashika mkono. Lakini kwa wengine jeraha halifungi. Dalili zake kuu ni tatu:

- Mambo kujirudia. Mtu anaota au anaona tena yaliyotokea, kana kwamba yanatokea sasa hivi.
- Kukwepa. Anaepuka njia fulani, soko fulani, watu fulani, au mazungumzo yoyote yanayomkumbusha.
- Kuwa macho wakati wote. Anashtuka kwa kelele ndogo, hasira iko karibu, na usingizi ni mwepesi.

Dalili hizi zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi zake au kuishi vizuri na wenzake, anahitaji msaada wa kitabibu. Mara nyingi huandamana na huzuni isiyoisha au ulevi.

KWA NINI MWILI UNAUMA

Mtu anapokabiliwa na hatari, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga kwa kasi, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. Hilo ni jambo jema, maana ndilo humwezesha mtu kukimbia. Hatari ikipita, mwili hutakiwa kutulia.

Kwa mwenye kiwewe, mwili hautulii kikamilifu. Ni kama mbwa wa boma lililowahi kuvamiwa na wezi: baada ya usiku ule anabweka kwa kila unyayo, hata wa mwenye nyumba. Mbwa huyo si mwendawazimu. Alijifunza jambo siku moja, na bado hajaambiwa kwamba wezi wameondoka.

Mwili unaokaa katika hali hiyo kwa miaka huchoka. Kichwa huuma, shingo na mgongo hukaza, tumbo huchafuka, presha hupanda. Mwaka wa 1998, madaktari wa San Diego, Marekani, walitoa utafiti uliohusisha watu wazima zaidi ya 9,500. Waligundua kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso na misukosuko ya nyumbani alipokuwa mtoto, ndivyo alivyokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua moyo, kuwa na huzuni kubwa na kuzama katika ulevi alipokuwa mtu mzima. Maumivu ya mama wa Nyansiongo si ya kujifanya. Ni ya kweli, na chanzo chake kinaweza kuwa cha zamani.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA BORABU

Borabu ilikuwa sehemu ya mashamba ya walowezi Wazungu. Baada ya uhuru, ardhi hiyo iligawanywa kwa mpango wa makazi, na familia nyingi za Abagusii zikahamia huko kutoka sehemu zilizosongamana zaidi. Leo ni eneo la chai, maziwa na mahindi. Barabara kutoka Keroka hupita Nyansiongo na kufika Chepilat, mpakani na Kaunti ya Bomet, kisha Sotik.

Mpaka huo umeona biashara, ndoa na urafiki. Umeona pia moto. Kulikuwa na mapigano mapema miaka ya 1990. Kisha, baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, ghasia zilienea nchini na kuua watu zaidi ya 1,100. Laki kadhaa ya Wakenya walihama makwao. Katika mpaka wa Borabu na Sotik nyumba zilichomwa na familia za pande zote mbili zikapoteza watu na mali. Wengi waliokimbilia Gusii kutoka sehemu nyingine za nchi hawakuishi kambini; walipokelewa na jamaa, wakabanana katika nyumba za ndugu na wazazi. Kwa kuwa hawakuonekana kambini, machozi yao pia hayakuonekana sana.

Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Nyumba zilijengwa upya na majani chai yakachumwa tena. Lakini mwili una kalenda yake. Kuna wanaopoteza usingizi kila baada ya miaka mitano kampeni zinapoanza. Kuna wanaotetemeka ng'ombe wanapoibwa usiku na watu kupiga nduru. Harufu ya moshi wa shamba linalochomwa inamtosha mtu mwingine kukumbuka siku nzima.

Wala si vita peke yake. Yapo majeraha yanayotokea ndani ya nyumba iliyofungwa mlango, ambayo hayatajwi kwenye baraza lolote.

DAKTARI WA FAMILIA NI NANI HAPA

Kenya ilianza kufunza madaktari bingwa wa tiba ya familia mwaka wa 2005 katika Chuo Kikuu cha Moi. Idadi yao bado ni ndogo. Kwa mkazi wa kawaida, kazi ya daktari wa familia hufanywa na afisa tabibu au muuguzi wa zahanati iliyo karibu: yule anayemjua mama, akamzalisha, akawachanja watoto wake, na sasa anampima presha.

Huyo ndiye aliye katika nafasi nzuri ya kuuliza. Mgonjwa hatalazimika kupanda gari kwenda kumtafuta mtaalamu wa akili asiyemfahamu, wala hataonekana na majirani akiingia mahali panapoitwa pa wagonjwa wa akili. Neno ebarimo, yaani wazimu, linatisha watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Katika chumba cha kawaida cha daktari, mazungumzo haya ni sehemu ya matibabu ya kawaida.

Tangu mwaka wa 2008, Shirika la Afya Duniani limekuwa na mpango wa kuwafunza wahudumu wasio mabingwa kutibu maradhi ya akili katika vituo vya kawaida. Mwaka wa 2013 mpango huo uliongezewa sehemu inayohusu hasa watu waliopitia mambo ya kutisha.

JINSI YA KUULIZA

Turudi kwa mama wa mfano wetu. Safari hii anahudumiwa na afisa tabibu kijana, mwanamke, ambaye ametazama kurasa zote za kitabu chake badala ya ukurasa wa mwisho tu.

Hatua ya kwanza ni faragha. Afisa tabibu anafunga mlango. Mkwe wa mama, aliyemsindikiza, anaombwa kwa heshima asubiri nje. Kama mgonjwa anaongea Ekegusii au Kipsigis na mhudumu haielewi lugha hiyo, mkalimani hapaswi kuwa mtoto wa mgonjwa wala jirani yake. Katika mji mdogo kila mtu anamjua mwenzake, na mgonjwa hawezi kufungua moyo mbele ya mtu atakayekutana naye sokoni.

Hatua ya pili ni kuomba ruhusa.

"Mama, nimeona umekuja mara nne, na dawa hazijakusaidia vya kutosha. Wakati mwingine mwili hubeba mambo mazito tuliyopitia zamani. Ungekubali nikuulize kidogo kuhusu hayo? Usipotaka kujibu ni sawa, na matibabu yako yataendelea vilevile."

Maneno ya mwisho ni muhimu. Mtu aliyepitia kiwewe aliwahi kunyang'anywa uwezo wa kuamua. Daktari anapoomba ruhusa anaanza kumrudishia uwezo huo.

Hatua ya tatu ni swali moja, pana na la wazi.

"Kuna jambo lolote la kutisha lililowahi kukupata, ambalo hadi leo linakusumbua?"

Mama ananyamaza. Afisa tabibu naye ananyamaza. Hachukui kalamu, hatazami simu.

"Ni mambo ya zamani, binti yangu. Wakati wa vita. Nyumba iliungua."

"Pole sana, mama. Hilo lilikuwa jambo zito."

Hatua ya nne ni kuuliza kuhusu leo, si kudai historia yote. Afisa tabibu haulizi nani alichoma, wala alikuwa wa kabila gani, wala nini kingine kilitokea usiku ule. Anauliza:

"Siku hizi mambo hayo yanakujia wakati gani?"

"Nikisikia nduru. Juzi ng'ombe wa jirani waliibwa, watu wakapiga nduru. Nikamfunga mjukuu mgongoni, nikakimbia hadi barabarani. Nilisimama pale peke yangu. Hakuna aliyekuwa akinifukuza."

Hapo afisa tabibu amepata alichohitaji kwa matibabu. Kuna mengine ambayo mama hajasema, na huenda hatayasema kamwe. Si lazima. Mgonjwa anaweza kusaidiwa bila kusimulia yote.

Hatua ya tano ni usalama. Mhudumu huuliza kama kuna mtu anayemtishia au kumpiga sasa. Huuliza pia swali ambalo wengi huogopa:

"Mama, watu wanaoteseka hivi wakati mwingine huona afadhali wasingeamka. Wewe umewahi kufikiri hivyo?"

Mama anainamisha kichwa. "Wiki mbili hizi."

Kuuliza kuhusu kujiua hakumtii mtu wazo hilo. Aliye nalo hupata nafasi ya kulitua. Afisa tabibu anauliza kama amepanga chochote, na kama nyumbani kuna kitu cha hatari, kwa mfano dawa za kunyunyizia mimea. Wanakubaliana kwamba dawa hizo zitafungiwa kwingine na ufunguo utunzwe na mwanawe. Wanakubaliana pia ni nani mama atamwita usiku mawazo hayo yakija. Kama angekuwa amepanga kujidhuru, asingeachwa aende nyumbani peke yake. Angepelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya sita ni kueleza na kupanga. Mama anaelezwa kwamba hana wazimu, kwamba mwili wake bado unalinda boma, na kwamba hali hiyo ina tiba. Anafundishwa kupumua polepole na kuhisi nyayo zake zikikanyaga chini anaposhtuka. Presha yake inaendelea kufuatiliwa. Anapewa tarehe ya kurudi baada ya wiki moja, na mshauri nasaha anapangwa amwone.

Mazungumzo yote yamechukua kama robo saa. Safari tatu za awali, pamoja na nauli ya boda boda na vipimo, zilichukua zaidi.

SI KILA MGONJWA, SI KILA SIKU

Shirika la Afya Duniani halipendekezi kila mwanamke anayefika kituoni aulizwe kuhusu kupigwa nyumbani. Linapendekeza mhudumu aulize anapoona dalili: majeraha yasiyolingana na maelezo, maumivu yasiyoisha, huzuni, ulevi, kukosa usingizi, au kuja kituoni mara kwa mara bila ugonjwa kubainika. Hata hapo, aulize tu kama kuna faragha na kama kuna msaada wa kutoa baada ya jibu. Kufungua jeraha na kuliacha wazi ni kuumiza mara ya pili.

Wanaume nao waulizwe. Wengi walikuzwa wakiambiwa mwanamume halii. Hufika na maumivu ya mgongo, au huletwa na wake zao kwa sababu ya chang'aa. Swali lilelile pana linawafaa, likiulizwa kwa heshima anayostahili omogaka.

MWILI UNAPOGUSWA

Kwa aliyebakwa au aliyekeketwa kwa nguvu, uchunguzi wenyewe unaweza kurudisha siku ile. Hili hutokea hasa kliniki ya wajawazito, wakati wa kujifungua, na wakati wa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Mhudumu mwema hueleza kila hatua kabla ya kugusa, huomba ruhusa, na hukubali kusimama anapoambiwa asimame. Mgonjwa anaweza kuomba kuhudumiwa na mwanamke mwenzake au mtu anayemwamini awepo. Hana haja ya kueleza sababu.

Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, hata ukifanywa na muuguzi kwa vifaa safi. Mwanamke aliyekeketwa si mkosaji. Ana haki ya kutibiwa bila kufokewa wala kuaibishwa.

MANENO YANAYOUMIZA

Yafuatayo husemwa kwa nia njema, na wahudumu na hata jamaa, lakini hufunga mlango:

- "Sahau hayo, ni ya zamani." Kama angeweza kusahau, asingekuwa hapo.
- "Wengine waliumia kuliko wewe." Maumivu hayapimwi kwa kulinganishwa.
- "Kwa nini hukupiga nduru? Kwa nini hukukimbia?" Swali hili humhamishia mwathiriwa hatia. Katika hatari kubwa, mwili mara nyingi huganda, mtu hachagui.
- "Mwachie Mungu." Sala ni nguzo kwa familia nyingi za Nyamira, na mchungaji au padri anaweza kuwa msaada mkubwa. Lakini sala na matibabu hutembea pamoja, na anayesali bado anaweza kuhitaji kliniki.
- "Hebu nisimulie kila kitu." Kumlazimisha mtu kusimulia yote, hasa mara tu baada ya tukio, hakumsaidii.

Kuhusu dawa za usingizi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unashauri wahudumu wasitoe dawa za aina ya diazepamu kwa ajili ya dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Dawa hizo huzoewa na mwili haraka. Mtu asijinunulie dukani vidonge vya kulala ili kuzima kumbukumbu.

SIRI YA MGONJWA

Wakazi wengi hunyamaza kwa hofu moja: maneno yatatoka. Sheria iko upande wa mgonjwa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Afya ya 2017 inakataza taarifa za mgonjwa kutolewa ovyo. Anayoyasema mgonjwa chumbani hayapaswi kufika kwa mume, mkwe, chifu wala mwajiri bila ruhusa yake.

Siri hiyo ina mipaka, na mhudumu mwaminifu huitaja mapema: maisha ya mgonjwa yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhulumiwa, au mahakama ikiamuru. Mgonjwa akijua mipaka hiyo mwanzoni, anaweza kuamua aseme nini.

Mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Utaandika nini kwenye kitabu changu?" Hilo ni swali la busara, kwa sababu kitabu hukaa nyumbani na wengine hukisoma. Anaweza kuomba maelezo ya ndani yasiandikwe hapo.

KAMA TUKIO NI LA SASA

Mambo yaliyopita yanaweza kusubiri siku mwathiriwa atakapokuwa tayari. Ubakaji uliotokea sasa hausubiri. Mtu aliyebakwa aende kituo cha afya mara moja, kabla ya kuoga au kufua nguo alizovaa. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufaa ndani ya saa 120. Matibabu hayasubiri ripoti ya polisi. Mhudumu hujaza fomu maalumu ya huduma baada ya ubakaji, ambayo inaweza kutumika mahakamani baadaye.

MSAADA UNAOFANYA KAZI

Kuzungumza na mtu aliyefunzwa kunasaidia, na mtu huyo si lazima awe bingwa. Jijini Nairobi, wanawake 421 waliokuwa na dhiki kubwa, wengi wao waliowahi kudhulumiwa, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017. Kundi moja lilikutana mara tano na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa mbinu rahisi: kutuliza mwili, kutatua tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli zilizoachwa, na kutafuta watu wa kuwategemea. Kundi hilo lilipata nafuu zaidi kuliko lile lililopata huduma ya kawaida ya kliniki. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, washauri waliochaguliwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe waliweza, baada ya kufunzwa, kuwatibu wenzao waliokimbia vita vya Rwanda na Somalia.

Hapa nyumbani, njia ya msaada huanza karibu:

- Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji. Mpango wa kitaifa wa wahamasishaji hawa ulizinduliwa Septemba 2023. Anaweza kumsindikiza mgonjwa na kumfuatilia nyumbani.
- Zahanati au kituo cha afya. Mgonjwa aeleze dalili zake na aombe kuongea faraghani.
- Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, kwa rufaa kutoka kituoni, dalili zikiwa nzito.
- Simu za bure: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa ushauri nasaha, 1195 kwa dhuluma za kijinsia, 116 kwa watoto.

SENTENSI MOJA INATOSHA

Mgonjwa asisubiri kuulizwa. Anaweza kufungua mlango mwenyewe kwa sentensi moja: "Daktari, kuna jambo lilinipata zamani, na nafikiri linahusiana na ugonjwa huu. Sitaki kulisimulia lote leo." Daktari akisikia hivyo, anajua pa kuanzia.

Jamaa nao wana kazi yao. Wasimlazimishe mtu kuongea, wala wasimcheke anaposhtuka. Wamsindikize kliniki. Wajue siku ngumu kwake, kama vile wakati wa kampeni au kumbukumbu ya msiba, na wawe karibu naye siku hizo. Usiku nduru zinapopigwa, mtu mmoja aende kumketia.

Mama wa mfano wetu alirudi baada ya wiki moja. Usingizi haukuwa umerudi wote, na kichwa kilikuwa kimemuuma mara mbili. Lakini dawa za mimea zilikuwa zimefungiwa, na mwanawe sasa alijua kwa nini mama hukimbia usiku. Alikuwa mtoto wa miaka sita walipokimbia pamoja mwaka ule, na hawakuwahi kulizungumzia hata siku moja. Alipoketi, mama alimwambia afisa tabibu kwamba kijana naye angependa kuja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni dalili zipi za mwili zinazoweza kutokana na kiwewe?
2. Kwa nini daktari huomba ruhusa kabla ya kuuliza kuhusu yaliyopita?
3. Ni maneno gani yanayosemwa kijijini ambayo huwafunga mdomo walioumia? Yanaweza kubadilishwa vipi?
4. Je, kila mwanakikundi anamjua mhamasishaji wa afya wa kijiji chake?

Wanakikundi hawalazimiki kutoa visa vyao wenyewe wakati wa majadiliano. Atakayeguswa na somo hili anaweza kumwona mhudumu wa kituo kilicho karibu naye, faraghani.